Mlima na Siku za Kubuni

Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari wa Kijerumani, Johannes Rebmann, aliyekuwa ametoka Rabai nyuma ya mji wa Mombasa na kushika njia ya Uchagani pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri na kikundi kidogo cha wapagazi, aliinua macho asubuhi akaona juu ya mlima mkubwa weupe uliometa, hata akaudhania kuwa ni wingu. Alipomwuliza kiongozi wake juu ya weupe ule alijibiwa kwamba ile ni baridi tu. Na Rebmann, aliyezaliwa katika nchi yenye majira ya barafu, akafahamu mara moja kwamba kile ambacho mtu wa pwani alikijua kwa athari yake mwilini, yeye alikijua kwa jina, nacho ni theluji. Habari ilipofika Ulaya, mwanajiografia wa London, Desborough Cooley, aliikataa katakata, kwa hoja kwamba theluji ya daima haiwezi kukaa karibu na ikweta. Na ubishi huo ulidumu miaka kadhaa, hata Baron von der Decken na Otto Kersten walipoupanda mlima ule mwaka 1862 mpaka mwinuko wa karibu mita 4,300, na theluji ikawaangukia huko huko.

Naanza sura hii kwa kisa hicho kwa sababu kosa la Cooley halikuwa kosa la mjinga. Alikuwa msomi, tena msomi wa bidii, ambaye aliichukua ada ya hewa ya nchi za joto kama alivyoijua kwa kusoma, akaipandisha mlimani kwa hesabu ya akilini, naye hakuwa na hata siku moja iliyopimwa kule juu. Kosa la jinsi hiyo laweza kufanyika hata leo, tena kwa mashine zenye kasi ya kustaajabisha, na jedwali zake zikatoka safi, zimepangwa kwa nukta na desimali, zikamridhisha kila asiyepata kuupanda mlima. Maudhui ya sura hii ni namna ya kuvitahini vielelezo vya kompyuta vinavyobuni hali ya hewa, pale vinapotakiwa kusema habari za mahali pa juu sana. Nami nimechagua Kibo, kilele cha mlima ule ule, Kilimanjaro, kiwe uwanja wa mtihani, kwa kuwa ni mahali ambapo ada ya tambarare huvunjika waziwazi kuliko mahali pengi nijuapo.

Hapana budi kwanza kueleza vielelezo hivyo ni kitu gani. Wazee wa pwani, manahodha na wakulima pamoja, waliuhesabu mwaka wao wa jua tangu siku ya Nairuzi kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, na kwa hesabu hiyo walijua mwongo upi kusi hukaza, upi bahari hutulia, na upi mbegu hutiwa ardhini kabla ya masika. Hiyo ilikuwa hazina ya kumbukumbu za vizazi vingi, nayo ilistahili heshima iliyopewa. Walakini ilitoa ada ya mwaka, siyo siku zake. Ilimwambia mkulima kuwa mvua i karibu, haikumwambia kwamba itanyesha siku tatu mfululizo, ikatike siku tisa, kisha irudi usiku mmoja na kuzoa mche uliokwisha kuchipua. Kizalishi cha hali ya hewa, kama nitakavyokiita kielelezo hiki tangu sasa, kimekusudiwa kuziba mwanya huo kwa njia ya pekee. Hakitabiri kesho, wala hakidai kujua kesho. Hupewa kumbukumbu za kituo kimoja za miaka kadhaa, hujifunza tabia ya mahali pale, kisha hutunga mfululizo mpya wa siku ambazo hazikupata kutokea, lakini ambazo, kikiifanya kazi yake kwa uaminifu, zingaliweza kutokea pale pale bila ya mwenyeji kushangaa.

Msomaji atauliza siku za kubuni zina faida gani, ilhali zipo siku za kweli. Faida yake ni kwamba historia ya mahali popote ni mrusho mmoja wa dadu. Mhandisi anayetaka kujua bwawa litakauka mara ngapi katika karne, mtaalamu wa kilimo anayepima hatari ya sakitu kwa viazi vya milimani, na mwanasayansi wa barafu anayeuliza kama miaka kumi mibaya ya theluji inaweza kufuatana, wote wanahitaji mirusho elfu, na maumbile hayakuwapa ila mmoja, tena wenye mapengo. Kadhalika, wanaotaka kujua hewa ya miaka hamsini ijayo huvichukua vizalishi hivi, wakabadili joto au mvua kidogo kwa kufuata vielelezo vikubwa vya dunia, wakapata siku za wakati ujao kwa kipimo cha shamba moja au bonde moja.

Asili ya fani hii ni mashairi, jambo ambalo hunifurahisha kila nikilikumbuka. Mwaka 1913 mwanahisabati wa Kirusi, Andrei Markov, alihesabu herufi 20,000 za hadithi ya mashairi ya Pushkin, Eugene Onegin, akazigawa irabu na konsonanti, akaonyesha kwamba uwezekano wa kukuta irabu hutegemea ni herufi gani iliyotangulia. Kutokana na kazi hiyo ulimwengu ukapata fikra ya mnyororo ambao kila pete yake inaikumbuka pete iliyo nyuma yake tu. Mwaka 1962 Gabriel na Neumann waliichukua fikra hiyo wakaitia katika mvua ya Tel Aviv: siku yenye mvua ikawa kama irabu, siku kavu ikawa kama konsonanti, na mnyororo ule ukaeleza vizuri urefu wa vipindi vya mvua na vya ukavu. Kisha mwaka 1981 Mmarekani Clarence Richardson aliongeza juu ya mnyororo huo joto la juu la siku, joto la chini, na mwanga wa jua, na muda si muda programu yake iliyoitwa WGEN ikawa mama wa ukoo mzima.

Kazi yake, kwa ufupi, ni hii. Kila asubuhi ya kubuni kompyuta hupiga bahati nasibu kwanza kuamua kama siku ina mvua, na bahati hiyo huwa na uzito tofauti kwa kadiri jana ilivyokuwa. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba baada ya siku kavu uwezekano wa mvua ni 0.1, na baada ya siku ya mvua ni 0.6, basi mahali hapo patapata mvua siku moja katika kila tano, na kipindi cha ukavu kitakuwa na wastani wa siku kumi. Ikiwa siku ni ya mvua, bahati nyingine huamua kiasi chake. Halafu hutungwa joto na mwanga, kwa kuanzia wastani wa tarehe ile, wa siku za mvua mbali na wa siku kavu mbali, na juu ya wastani huo hutiwa mpandisho na mshusho unaokumbuka jana kidogo, na ambao umefungwa kwa jedwali la uhusiano, ili joto la juu lisije likaenda njia yake na mwanga ukaenda njia nyingine. Wastani wenyewe huchorwa kama wimbi moja laini linalopanda na kushuka mara moja kwa mwaka, kwa sababu mahali alipofanya kazi Richardson, huko Texas, na karibu pote katika nchi za kaskazini, wimbi la mwaka ndilo sultani wa hali ya hewa.

Sasa tukipandishe kizalishi hiki Kibo. Kutoka Moshi, ambako wastani wa joto ni kama nyuzi 23, mpaka kilele cha mita 5,895, ambako wastani ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri, joto hupungua takribani nyuzi 6 kwa kila mita 1,000. Na kwa kuwa kanuni hii ni nyepesi na karibu ya kweli, kishawishi cha kuchukua siku za Moshi, kuzipunguzia nyuzi thelathini na kuziita siku za Kibo ni kikubwa mno. Wastani utatoka sawa. Walakini mvua haifuati kanuni yoyote ya namna hiyo, maana katika mteremko wa kusini huongezeka kadiri mtu apandavyo hata kufikia kama milimita 3,000 kwa mwaka katika msitu ulioko kwenye mwinuko wa karibu mita 2,200, kisha hupungua tena kwa haraka, na kule juu hubaki sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Siku ambayo Moshi ina wingu zito yaweza kuwa siku ambayo kilele kiko juu ya mawingu yote, kinaoga jua tupu. Mnyororo wa mvua wa chini na mnyororo wa mvua wa juu ni minyororo miwili, na atakayeutumia mmoja kwa niaba ya mwingine amemwiga Cooley.

Tena lile wimbi la mwaka, ambalo ndilo chombo kikuu cha kizalishi, kule juu halina kazi kubwa. Mlimani karibu na ikweta wastani wa joto wa mwezi mmoja haupishani sana na wa mwezi mwingine. Tofauti kubwa i kati ya adhuhuri na usiku wa manane. Asubuhi anga huwa safi, jua hupiga katika hewa ambayo uzito wake ni kama nusu tu ya ule wa ufukweni. Kufika mchana mteremko huwa umepata joto, hewa hupanda kutoka msituni ikichukua unyevu, na ukungu huja na kufunika miamba. Usiku baridi hushuka kama mtu anayerudi nyumbani kwake. Mwenye kufahamu saa hizi anafahamu mlima. Ilhali kizalishi cha siku nzima kinajua ncha mbili tu, joto la juu na joto la chini, na jumla moja ya mwanga, wala hakijui kama mwanga huo ulikuja asubuhi kabla ya ukungu au uligawanyika siku nzima. Kwa shamba la mahindi tofauti hiyo huenda isiwe na maana. Kwa ukuta wa barafu unaoelekea mashariki, ina maana sana.

Yako pia mambo ambayo tambarare haina mfano wake. Theluji mpya ikianguka juu ya barafu, hurudisha angani sehemu kubwa ya nuru ya jua, na barafu iliyo chini yake hupumzika kwa siku kadhaa. Theluji ikichakaa na kuchafuka, au ikitoweka, barafu iliyobaki wazi huinywa nuru ile ile na kupungua, ama kwa kuyeyuka, ama kwa kugeuka mvuke moja kwa moja bila ya kuwa maji kwanza, jambo linalotokea sana katika hewa kavu na ya baridi ya kilele. Kwa hiyo athari ya siku moja ya theluji haikomi siku ile. Kumbukumbu yake haiko angani bali iko juu ya uso wa mlima, na kizalishi kinachoikumbuka jana ya anga peke yake hakiwezi kuiona. Ndiyo maana mimi nashikilia kwamba juu ya Kibo swali la kiasi cha theluji kwa mwaka ni swali la pili. La kwanza ni mpangilio wake: je, theluji ile ilianguka mara ishirini, kila mara kidogo, na hivyo ikaiweka barafu katika weupe, au ilianguka yote katika majuma mawili ya vuli na kuiacha uchi muda uliobaki? Miaka miwili yenye wastani ule ule yaweza kuwa mmoja wa uhai na mmoja wa maangamizi.

Hapa yaja maudhi ya kumbukumbu, maana mtihani hauwezi kuwa mzuri kuliko karatasi ya majibu. Huko Austria kiko kituo cha Sonnblick, kwenye mwinuko wa mita 3,106, kilichoanza kazi mwaka 1886, na mwenye kukitahini kizalishi chake kwa hewa ya pale ana zaidi ya karne ya siku mkononi. Kibo hakikubahatika hivyo. Kituo cha kujiendesha chenyewe kilisimikwa juu ya Barafu ya Kaskazini mnamo Februari 2000 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, akiwamo Douglas Hardy, kwenye mwinuko wa karibu mita 5,800. Na wataalamu wa Innsbruck wakaongeza vyao baadaye. Kabla ya hapo palikuwa na ziara za wapandaji na vipimo vya hapa na pale, vyenye thamani kwa historia lakini visivyotosha kufunga mnyororo.

Hata hizo siku zilizopimwa zina shaka yake. Kipimamvua cha kawaida kikiwekwa mahali penye upepo mkali, theluji hukipita juu kama mgeni asiyetaka kuingia, nacho huandika pungufu. Kwa hiyo juu ya Kibo hutumiwa chombo kinachopiga sauti kuelekea chini na kupima mwangwi wake, ili kijulikane uso wa theluji umeinuka au umeshuka kiasi gani. Ni chombo cha hekima, lakini uso huinuka pia kwa theluji iliyopeperushwa kutoka kando, na hushuka kwa kushindiliwa, kwa kuyeyuka na kwa kugeuka mvuke. Basi siku gani iitwe siku ya theluji? Katika tambarare mtu husema siku yoyote iliyovuka kiasi fulani kidogo cha mvua ni siku ya mvua, akaendelea na kazi. Mlimani kizingiti hicho kikisogezwa milimita chache, siku nyingi huhama kutoka kundi la kavu kwenda kundi la mvua, uwezekano wote wa mnyororo hubadilika, na vipindi vya ukavu hukatika vipande au huungana. Mtahini mwaminifu hukisogeza kizingiti makusudi, mara juu mara chini, aone kama hukumu yake inabaki pale pale.

Nije sasa kwenye mtihani wenyewe. Mtihani ulio mwepesi, na ambao aghalabu ndio unaotangazwa, ni kuuliza kama kizalishi kimeweza kuurudisha wastani wa kila mwezi wa mvua na joto. Huu ni mtihani wa mwanafunzi aliyepewa majibu usiku wa kuamkia siku ya mtihani, kwa sababu wastani huo ndio aliofundishwa. Akishindwa, bila shaka ana kasoro. Akishinda, hatujajua bado lolote. Mtihani wenye maana huuliza yale ambayo hakufundishwa waziwazi: urefu wa vipindi vya ukavu, idadi ya usiku wa sakitu unaofuatana, mara ngapi joto lilivuka sifuri likapanda na kushuka katika siku moja, mwezi mkavu kuliko yote katika muongo, na tofauti ya mwaka na mwaka. Katika mfano nilioutoa juu, uwezekano wa kipindi cha ukavu kuvuka siku 30 ni kama 4 katika 100, na kuvuka siku 60 ni kama 2 katika 1,000 tu. Hiyo ndiyo hukumu ya mnyororo wenye kumbukumbu ya siku moja, na mlima hauna wajibu wa kuitii. Kumbukumbu za mlima zikionyesha vipindi virefu vingi kuliko hivyo, kizalishi kimeshindwa, hata kama jumla yake ya mwaka imelingana na ya mlima kwa milimita.

Kazi moja nzuri ya namna hii ilichapishwa mwaka 1998 na Semenov, Brooks, Barrow na Richardson, ambamo WGEN ilishindanishwa na kizalishi kingine, LARS-WG, kilichotoka katika kituo cha utafiti cha Long Ashton karibu na Bristol. Vituo vilikuwa 18, kutoka Marekani, Ulaya na Asia, na vizalishi havikuulizwa wastani peke yake, bali hata urefu wa vipindi vya mvua, vya ukavu, vya joto kali na vya sakitu. LARS-WG, ambayo badala ya kuilazimisha mvua kufuata umbo moja la hesabu huruhusu umbo lifuate kumbukumbu zenyewe, ilikaribia ukweli zaidi. Lakini yalikuwako mambo ambayo vizalishi vyote viwili vilishindwa. Nakitaja kisa hiki pia kwa sababu ya adabu yake. Richardson aliukubali mtihani uliomwonyesha mtoto wake akizidiwa, akatia jina lake juu ya matokeo.

Katika WGEN yenyewe lile jedwali la uhusiano kati ya joto na mwanga, na kati ya leo na jana, liliwekwa moja kwa Marekani nzima na kwa majira yote, kwa kuwa ilionekana halibadiliki sana kutoka kituo hadi kituo. Katika nchi ile ilikuwa njia ya mkato yenye busara. Lakini mtu akiichukua programu ile ilivyo na kuitumia mlimani karibu na ikweta, amechukua pamoja nayo, bila ya kujua, uhusiano wa hewa ya Marekani. Siku zake zitakuwa na joto la kiasi na mwanga wa kiasi, ila havitashikana mikono kama vinavyoshikana kule juu. Na kwa barafu mshikano huo ndio kila kitu, maana saa moja ya jua kali katika baridi kubwa na saa moja ya jua kali karibu na sifuri hazifanyi kazi moja.

Lipo shimo jingine ambalo watahini wengi hutumbukia, nalo ni la kumbukumbu fupi. Vipimo vya takwimu, kama kile cha t, cha F, au cha Kolmogorov na Smirnov, huuliza kama tofauti kati ya siku za kubuni na siku za kweli ni kubwa kiasi cha kutoweza kuwa bahati tu. Zikiwa siku za kweli ni chache, karibu kila tofauti yaweza kusingiziwa bahati, na kizalishi hupita. Si kwa sababu ni kizuri, bali kwa sababu shahidi ni mmoja na sauti yake ni ndogo. Kwa upande wa pili, mtu akifanya vipimo mia kwa kizingiti cha 0.05, vitano hivi vitashindwa hata kama kizalishi hakina kosa, na asiye na subira ataanza kukirekebisha kitu kilicho kizima. Njia ninayoiona ya haki ni hii: kizalishi kitunge miaka 1,000, kisha miaka hiyo ikatwe vipande mia vya miaka kumi kumi, na ile miaka kumi ya kweli ya mlima iwekwe katikati yao kama kipande cha mia na moja. Kama mtu asiyeambiwa kipi ni kipi anaweza kukitambua kipande cha mlima mara moja, kwa kuwa mwaka wake mkavu ni mkavu kuliko ya vipande vyote, au kwa kuwa theluji yake imekusanyika katika miezi ambayo vipande vingine vimeitawanya, basi uigaji umefichuka. Kama hawezi, tumepata haki ya kuendelea, kwa hadhari.

Na aghalabu mahali uigaji unapofichuka ni katika tofauti ya mwaka na mwaka. Vizalishi vya mnyororo mfupi hutoa miaka inayofanana mno. Sababu yake ni dhahiri kwa mtu wa pande zetu, ajuaye kwamba vuli ya mwaka mmoja haitengenezwi na jana yake. Bahari ya Hindi ikiwa na joto zaidi upande wetu wa magharibi kuliko upande wa mashariki, na hasa mambo hayo yakipatana na El Niño ya Pasifiki, mvua hubebwa kuja Afrika Mashariki kwa miezi mizima, kama ilivyokuwa mwaka 1997 na tena mwaka 2006, mafuriko yakafuata. Na mwaka 1961 mvua zilikuwa nyingi hata Ziwa Viktoria likapanda. Huo ni mkono wa bahari unaoshikilia majira yote pamoja, na kizalishi chenye kumbukumbu ya siku moja hakiwezi kuuhisi. Kila asubuhi huanza karibu upya, na bahati za kila siku zikijumlishwa kwa miezi mitatu hufutana, jumla ikarudi katikati. Matokeo yake ni karne ya kubuni isiyo na 1961 ndani yake.

Peter Jones na Philip Thornton, huyu wa pili akifanya kazi katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, walilielewa tatizo hili mapema kwa kuwa kazi yao ilikuwa ya nchi za joto. Kizalishi chao, MarkSim, kilichotangazwa mwaka 2000 kwa ajili ya Amerika ya Kilatini na Afrika, hukumbuka siku tatu badala ya moja, na zaidi ya hayo huubadilisha uwezekano wa msingi wa mvua kutoka mwaka hadi mwaka, ili mwaka mzima upate kuwa wa neema au wa dhiki. Naiona hatua hiyo kuwa kubwa kuliko kuongeza siku za kumbukumbu, maana inakiri kwamba mwaka una tabia yake.

Mtihani wa mwisho, na kwangu ndio ulio mzito kuliko yote, ni kuziacha siku za kubuni zifanye kazi. Hupitishwa katika kielelezo cha barafu, au cha mto, au cha shamba, na siku za kweli hupitishwa mumo humo, kisha majibu mawili hulinganishwa. Mara nyingi kosa lililoonekana dogo katika jedwali huota pembe hapa: vipindi vya ukavu vilivyopungua siku mbili tatu huweza kuizidishia barafu umri wake, kwa sababu theluji ya kubuni huwahi kila mara kuifunika. Thamani ya majibu hayo inaonekana tukikumbuka historia ya karibuni. Barafu ya Kilimanjaro, ambayo Klute na Oehler waliizuru na kuipiga picha mwaka 1912 ikiwa na eneo la kilomita za mraba zipatazo 12, mwaka 2011 ilikuwa imebaki chini ya 2. Lonnie Thompson na wenziwe, baada ya kuchimba nguzo za barafu mwaka 2000, waliandika mwaka 2002 kwamba mwendo ule ukiendelea barafu yaelekea kutoweka kati ya 2015 na 2020. Mwendo waliuona sawasawa, na barafu imeendelea kupungua. Lakini miaka hiyo imepita na mabaki yake yako bado. Mstari mmoja ulionyooshwa mbele hutoa tarehe moja. Maelfu ya miaka ya kubuni, ikiwamo ya vuli nene na ya vuli kame, yangetoa tarehe nyingi zenye uzito mbalimbali, na msomaji angejua tangu mwanzo kuwa 2020 ilikuwa moja kati ya hizo.

Hapa nataka kuondoa dhana moja iliyoenea, kwamba barafu hii ndiyo inayojaza mito ya Uchagani na Pangani. Sehemu kubwa kabisa ya maji hayo hutoka katika msitu, kwenye mvua yake na ukungu unaonaswa na majani yake. Maji ya barafu ni kidogo mno mbele ya hayo. Kwa hiyo anayetaka kizalishi kwa ajili ya mifereji ya Wachaga, migomba na kahawa, au kwa ajili ya maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu, hana haja ya kilele kama anavyohitaji ukanda wa msitu, nako mtihani ni mwingine kabisa: ukungu hauingii katika kipimamvua, hudondoka kutoka tawi hadi tawi, na mnyororo wa mvua na ukavu wauita siku kavu siku ambayo ardhi ya msitu imelowa. Moto ukiuteketeza msitu wa juu, kama ulivyofanya mara nyingi, hewa yaweza kubaki ile ile na maji yakapungua. Hilo hakuna kizalishi kitakachokuambia, kwa kuwa hukuuliza juu ya miti.

Nimalizie kwa zile siku za kweli ambazo mtihani wote unazitegemea. Kile kituo cha mwaka 2000 kilisimikwa juu ya barafu inayopungua. Uso ukishuka, mlingoti hubaki umechomoza kupita kiasi, ukaanza kuegemea, na vyombo vilivyopangwa kupima kwa kimo fulani hujikuta juu zaidi. Theluji nene ikija, hufukiwa. Kwa sababu hiyo watu hawana budi kupanda mara kwa mara, wapagazi wakiwa wamebeba betri na zana, kuuchimbia mlingoti upya, kuunyoosha, kupangusa vioo vinavyopokea mwanga, na kuteremka na siku zilizoandikwa tangu safari iliyopita, pamoja na orodha ya zile ambazo chombo kilinyamaza.